Kaka yangu aliogopa pikipiki

Jumanne. Magu, nyumbani kwa babu. Jua kali, na mawingu yamejazana upande wa ziwa tangu asubuhi bila kutoa hata tone.

Shajara, leo sina salamu. Nina hasira, na nimechoka kuambiwa niimeze.

Jana tulimzika kaka yangu Maduhu. Wanaopita humu kwenye blogu yangu wanamfahamu. Ni yule kinyozi wa Mabatini, Mwanza, niliyekuwa namlalamikia kila wiki kwa kumaliza sukari na kurudisha kopo tupu kabatini. Kabla ya msiba huu nilikuwa naandika mambo hayo tu: sukari, mashoga zangu wa shule, hofu ya mtihani wa kidato cha nne. Siasa nilikuwa naziruka. Niliziona ni mambo ya watu wazima wenye sauti nzito redioni.

Sasa naomba mtu mzima mmoja tu, mmoja, aniambie kaka yangu aliendesha pikipiki lini.

Maana ndivyo ilivyosomwa jana mbele ya jeneza, kwenye historia ya marehemu: alizaliwa, alisoma, alibatizwa, alifariki kwa ajali ya pikipiki. Watu wakaitikia "Bwana ametwaa."

Maduhu alikuwa anaogopa pikipiki. Sitanii. Alianguka na bodaboda pale Igoma akiwa darasa la sita, na tangu siku hiyo hakupanda tena, sembuse kuendesha. Alikuwa anakwenda mjini kwa miguu, jua la saa saba linamchoma, na vijana wa bodaboda wanamzomea njia nzima: "Kinyozi, njoo nikubebe mgongoni kama mtoto!" Mtaa wote ulikuwa unamcheka kwa hilo, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Wangesema hata malaria. Yaani hata uongo wenyewe wameufanya kwa uvivu!

Ngoja nianze mwanzo, hasira inanipeleka mbio.

Nyumba yetu Mabatini iko juu, katikati ya mawe. Ukisimama kwenye jiwe la nyuma ya choo unaiona barabara kubwa yote. Siku ile baada ya kura, mtandao ulikuwa umezimwa, redio zinapiga nyimbo tu, na kule chini moshi wa matairi unapanda. Hakuna aliyejua kitu. Eti mtandao ulizimwa kuzuia uvumi. Aisee, uvumi hauhitaji bando. Ulipanda mlima kwa miguu, mlango hadi mlango, na ulipofika kwetu ulikuwa umeshakuwa habari kamili: jeshi limechukua nchi.

Jeshi limechukua nchi! Watu walitoka nje wakishangilia. Mama mmoja wa nyumba ya juu alipiga vigelegele huku mwiko wa ugali uko mkononi. Kumbe ni magari ya jeshi tu yaliyopita, na mwanajeshi mmoja akawapungia vijana mkono. Mkono huo mmoja ukatosha kuipindua serikali. Kila mtu akawa na jina la rais mpya, na kila mtu alikuwa na jina lake tofauti. Leo najua kwamba hakuna aliyepindua chochote, na walioshangilia wanaona aibu hata kulitaja. Mimi siwacheki. Walikuwa wanataka sana kuamini kwamba mwenye bunduki safari hii yuko upande wao.

Maduhu aliamini. Alitoka chumbani amechomekea, shati jeupe lile la kuendea harusi, viatu vinang'aa, ananukia manukato mpaka nikapiga chafya. Nilikuwa nimekaa kwenye jiwe na daftari la Uraia. Akasema anashuka barabarani kuandamana na wenzake, kura yake haiwezi kuibwa akakaa kimya, na kama ni kweli wanajeshi wamekuja basi awaone kwa macho yake. Akaniuliza kama naenda. Nikamwambia nina mtihani. Akanigonga kichwani kwa kidole, kama kawaida yake, akashuka.

Hakwenda kununua mkate.

Nimeliandika peke yake kwa sababu nitalirudia.

Risasi nilizisikia, sikuziona. Sijui aliyefyatua ni nani, alivaa nini, alitumwa na nani, na sitajifanya najua. Vijana wenzake walimbeba hadi hospitali, na huko ndiko alikofia. Risasi ilimwingia mgongoni. Maana yake alikuwa ameshageuka, alikuwa anarudi nyumbani.

Baba yangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Alikwenda chumba cha maiti, akaambiwa njoo kesho. Kesho yake akaambiwa njoo kesho. Pale nje walikuwepo wazazi wengine wengi wamekaa chini, na wengine mpaka leo hawajapewa watoto wao. Mwishowe jamaa mmoja akamvuta pembeni akamwambia, mzee, ukikubali kwamba ni ajali ya pikipiki, unaondoka naye leo hii.

Baba alikubali.

Baba huyu huyu! Nikiwa darasa la nne alinichapa kwa kusema nimenawa mikono kumbe sijanawa. Aliniambia uongo mdogo hauna udogo. Na mimi, mjinga, nikaishi nikiamini. Tangu aliporudi na jeneza sijamwamkia. Shikamoo imenigomea kooni, na Mama amenitazama kwa macho ya kunisihi, lakini Mama mwenyewe hajasema neno kwa mtu yeyote tangu siku ile.

Najua mtaniambia, angefanyaje, angemwacha mtoto aoze huko? Najua. Kichwa changu kinajua. Nina hasira vilevile.

Halafu kuna Shangazi Esta. Huyu ni dada yake Baba, mama wa kanisa, mwenye huruma kwelikweli, na nimemkasirikia kuliko hata huyo wa chumba cha maiti. Kila mgeni aliyeingia msibani, Shangazi alimshika mkono akamnong'oneza: "Mtoto wa watu hakuwa na hatia. Wala hakuwa mwandamanaji. Alikuwa ametoka kununua mkate." Wageni wakatikisa vichwa, maskini, mkate tu jamani. Mpaka jioni mkate ulikuwa umepata na duka, na muuza duka, na chenji.

Nilimfuata jikoni nikamwambia, Shangazi, alikwenda kuandamana, aliniambia mwenyewe. Akaniziba mdomo kwa kiganja chenye unga. "Minza, unataka watu waseme alijitakia?"

Hapo ndipo kitu kilipokatika ndani yangu.

Kwa hiyo angekuwa anaandamana ingekuwa halali? Kwa hiyo ili mtu aliliwe vizuri nchi hii ni lazima awe alikuwa anafuata mkate? Sasa tuna uongo wa aina mbili kwenye jeneza moja. Wa wenye nguvu unasema hakupigwa risasi. Wa kwetu unasema alipigwa kwa bahati mbaya, kwa sababu alikuwa mtoto mzuri, na watoto wazuri hawadai kitu. Sijui upi unamwua zaidi. Nilisoma Uraia miaka minne, nikakariri haki zote kwa mpangilio, na sikuwahi kufikiri kwamba ni za mtu mwenye viatu na manukato na dada wa kumgonga kichwani.

Sasa nifike kwa Bi Mwanahawa. Si jina lake, nimelibadilisha, na mtaona kwa nini.

Bi Mwanahawa ni Mzigua, ameolewa Mwanza zamani, anauza mitumba karibu na kibanda cha Maduhu. Wazigua na sisi Wasukuma ni watani tangu enzi za mababu waliosafiri pwani na bara. Kwa wasiojua, mtani akija msibani ana ruhusa ya kila kitu. Atamtukana marehemu, atavaa nguo zake, atalala njiani jeneza lisipite mpaka apewe chochote. Na wewe mfiwa huruhusiwi kununa. Ukimkasirikia mtani, mwenye kosa ni wewe, na wazee watakutoza kuku au mbuzi.

Alikuja Magu kwenye gari letu na alianza palepale. "Nyie Wasukuma, miili ya mafahali, kumbe mnalia kama vifaranga! Hebu nipeni michembe yangu, viazi vyenu vikavu, nile, nilie nikiwa nimeshiba." Mtu unalia, ghafla unajikuta unacheka, na unamshukuru Mungu kwa kicheko hicho.

Jana mchana alitokea ndani amevaa fulana ya kazi ya Maduhu, kofia yake, na taulo lake begani. Akamkamata mzee mmoja mwenye upara, akamkalisha kwenye kiti, akamlaza kichwa kwa nguvu upande mmoja kama Maduhu alivyokuwa akiwafanya wateja, akaipuliza mashine ambayo haipo. "Mzee, nikunyoe mtindo gani? Hapa naona mwenzangu alishamaliza." Msiba mzima ulivunjika mbavu. Mama aliinua uso kwa mara ya kwanza. Alikuwa ni Maduhu kabisa, mpaka namna ya kusimamia mguu mmoja.

Halafu tukaenda kaburini, na Baba akasimama kusoma historia.

Niseme kwanza kwamba walikuwepo wageni wawili ambao hakuna aliyewaalika. Mashati yamenyooshwa, miwani ya jua, wamekaa mbele. Hawakulia, hawakula ugali, hawakusaidia hata kubeba benchi. Kila mtu aliwaona na kila mtu alijifanya hajawaona. Nafikiri Baba alisoma kwa ajili yao.

Akafika kwenye pikipiki, akaisoma. Na hapo Bi Mwanahawa, na kofia ya Maduhu kichwani, akanyoosha mkono juu kama mwanafunzi.

"Mwalimu! Samahani, Mwalimu. Hiyo pikipiki nilipanda mwenyewe au nilipandishwa nikiwa maiti?"

Wachache wakacheka, kwa mazoea. Kisha kicheko kikazimika.

"Maana mimi Maduhu ninavyojijua, pikipiki naiogopa kuliko fisi. Wananijua Mabatini nzima. Sasa nimejifunza lini? Na huku mgongoni," akageuka, akajipiga kwa kiganja chini ya bega, "huku nimetobolewa na nini? Siku hizi pikipiki zina meno?"

Msimamizi wa shughuli akasema, mtani, tunakuomba basi. Akajibiwa, "Mtani haombwi. Mtani analipwa." Shangazi Esta akalia kwa sauti kubwa kutoka kwa akina mama, "Jamani mwanangu alikuwa anakwenda kununua mkate!" Nadhani alitaka kumwokoa kila mtu, maskini.

Bi Mwanahawa akamgeukia taratibu. Sasa hakuwa anaigiza tena, au labda ndio alikuwa anaigiza sana, sijui. "Shangazi, mkate gani? Nilikuwa nimechomekea. Mtu anachomekea kwenda kununua mkate? Nilikwenda kudai changu. Msinionee aibu."

Msinionee aibu. Mama alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu, na wanawake wote wakaipokea, na kilio kilichoanza pale hakikuwa kile cha asubuhi. Kilikuwa na hasira ndani yake. Tulimzika katikati ya kilio hicho.

Baada ya udongo, wale wawili walimwita Baba pembeni, karibu na zizi la ng'ombe. Mimi nilikuwa napita na ndoo ya maji ya kunawa. Nikasimama. Msichana mwenye ndoo haonekani, nimejifunza jana.

"Mzee, yule mama ni nani? Ana akili timamu? Tunahitaji jina lake na anakoishi."

Niliogopa. Kwa sababu nilijua Baba atafanya nini. Alishakubali mara moja. Angesema ndiyo, ana matatizo ya akili, au mbaya zaidi angelitaja jina, wakaondoka naye, na sisi tukabaki na kaburi letu na amani yetu. Niliweka ndoo chini. Nilikuwa tayari kupiga kelele, kumwaga maji, sijui, kufanya kitu chochote cha kijinga.

Baba alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena.

"Yule ni mtani," akasema. "Huku kwetu, mtani akivaa nguo za marehemu, anayesema siyo yeye. Ni marehemu."

"Mzee, usituletee hadithi za kijijini."

"Basi aliyesema yale ni mwanangu Maduhu." Akanyoosha mkono mpaka mwisho, kuelekea kaburini. "Yuko pale. Udongo bado mbichi. Nendeni mkamkamate."

Walitazama kaburi, nadhani bila kutaka, macho yao yalikwenda yenyewe. Walipogeuka wakakuta wazee wa ukoo wamesogea, na fimbo zao, wapole kabisa, kama watu waliokuja kuangalia ng'ombe. Wale jamaa waliingia kwenye gari lao wakaondoka. Lakini mmoja alimpiga picha Bi Mwanahawa kupitia dirishani. Sijifanyi hilo halikutokea. Si mchezo wenye mwisho mzuri huu.

Jioni nilimkuta Bi Mwanahawa amekaa kwenye mkeka nyuma ya ghala la pamba, bado na fulana ya Maduhu, analia. Siku nzima hakuwa amelia. Nikamshika miguu nikamshukuru. Akanifuta uso kwa lile taulo, lina harufu ya spiriti ya kunyolea, nikalia zaidi.

Nikamwambia, Bi Mwanahawa, uyaseme na kule Mwanza tukirudi. Sokoni, uyaseme.

Akatikisa kichwa. "Mwanangu, mimi nina ruhusa ya msiba tu. Tukishaanua matanga, fulana hii naivua, nabaki mama muuza mitumba mwenye wajukuu. Nikisema hapo, ninakamatwa mimi, siyo Maduhu." Hakuniambia nifanye nini. Nilitamani aniambie.

Leo nimeshinda nalo hilo. Watu wanakula, wanapiga soga, wameanza tayari kuzungumzia mvua na mbegu za pamba. Bodaboda zinapita barabarani na kila moja inanichoma. Matanga yanaanuliwa kesho asubuhi. Baada ya hapo hakutakuwa na mtu hata mmoja mwenye ruhusa ya kusema kilichompata kaka yangu, na uongo wa pikipiki na ule wa mkate utabaki kugombana mpaka mmoja ushinde. Baba alisimama mara moja. Sijui kama ana nguvu ya mara ya pili. Nimemtazama leo amekaa na wazee, amezeeka, anashika kikombe cha chai kwa mikono miwili, na nilimhurumia na kumkasirikia kwa wakati mmoja mpaka nikaondoka.

Mimi si mtani wa Maduhu. Mimi ni dada yake. Sina kofia ya kujificha wala mzee wa kumtoza mbuzi atakayeninunia.

Kwa hiyo narudia kusoma historia yake, hapa, kwa jina langu.

Marehemu Maduhu alizaliwa Magu, akakulia Mabatini, Mwanza. Alikuwa kinyozi. Alimaliza sukari za watu. Aliogopa pikipiki. Alikwenda kuandamana kwa hiari yake, amechomekea, hana hata jiwe mkononi. Alipigwa risasi mgongoni. Hakuna aliyeulizwa kwa kifo chake.

Nimeisoma mara mbili. Nilitaka kwanza nimpelekee Baba simu asome, ndiyo heshima. Lakini akisoma atanikataza, tena atanikataza akilia, kwa sababu amebakiwa na mtoto mmoja.

Nachapisha kwanza. Halafu nampelekea.